Ngome ya Yesu ya Mombasa: Usanifu wa Zama za Mwamko na Mikono Isiyotajwa

Zama za Mwamko, kipindi ambacho wasanii na wasomi wa Ulaya walirejea maarifa ya Wagiriki na Warumi wa kale, hufundishwa katika shule zetu kama habari ya Florence, Roma na Nuremberg pekee. Makala haya yanapinga mtazamo huo. Jengo la Zama za Mwamko limo katika ukanda wetu: Ngome ya Yesu, Mombasa, iliyojengwa kati ya mwaka 1593 na 1596. Hoja yetu ni kwamba historia ya ngome hiyo haikamiliki kwa kumtaja msanifu wake tu. Namna tunavyoisimulia ni suala la sera, si la wanahistoria peke yao.

Tuanze na fikra iliyoizaa. Vitruvius, msanifu wa Roma ya kale, alifundisha kwamba jengo jema hufuata uwiano wa mwili wa mwanadamu. Mnamo mwaka 1490 hivi, Leonardo da Vinci, aliyekuwa akifanya kazi Milan, aliichora fikra hiyo kwa mtu aliyenyoosha viungo ndani ya duara na mraba. Wakati huo mchoraji na mhandisi wa vita hawakutengana. Michelangelo alisimamia kuta za ulinzi za Florence mwaka 1529. Kaskazini, Albrecht Dürer wa Nuremberg alichapisha kitabu kuhusu ngome mwaka 1527, na kitabu chake kuhusu uwiano wa mwili kikatoka mwaka 1528, alipokwisha kufariki. Baruti ndiyo iliyowakutanisha. Ukuta mrefu na mwembamba wa zamani haukuweza kuhimili mizinga. Ukahitajika ukuta mfupi, mnene, wenye buruji, yaani pembe zinazochomoza nje ili walinzi walioko pembe moja waweze kuulinda ukuta wa pembe ya jirani.

Fikra hiyo ilifika Mombasa kwa mkono wa Giovanni Battista Cairati, msanifu kutoka Milan aliyemtumikia Mfalme Philip wa Pili, aliyetawala Hispania na, tangu 1580, Ureno pia. Ramani yake ina buruji nne na sehemu inayochomoza kuelekea baharini, na watafiti wengi huifananisha na mwili wa mtu aliyelala. Shirika la UNESCO lilipoiorodhesha ngome hiyo kuwa urithi wa dunia mwaka 2011, lilieleza kwamba umbo lake linaakisi imani ya Zama za Mwamko juu ya uwiano wa mwili wa binadamu.

Hata hivyo, ramani haijengi ukuta. Ngome ilisimamishwa juu ya mwamba wa matumbawe, handaki likachimbwa katika mwamba huohuo, na kuta zikajengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Waashi waliletwa kutoka India, na nguvukazi ikatoka Malindi, iliyokuwa mshirika wa Wareno. Ujenzi wa matumbawe na chokaa haukuwa mgeni pwani: jumba la Husuni Kubwa huko Kilwa lilijengwa kwa njia hiyo takribani karne mbili na nusu kabla. Kwa hiyo umbo lilitoka Italia, lakini mali ghafi ilikuwa ya pwani, na jasho likawa la Bahari ya Hindi.

Kumbukumbu rasmi hazikugawa sifa hivyo. Maandishi ya Kireno juu ya lango yanamtukuza kapteni Francisco de Seixas de Cabreira kwa matengenezo, mwashi hatajwi. Ndani ya ngome kumehifadhiwa pia michoro ya ukutani ya merikebu na watu, iliyochorwa kwa mkaa na rangi nyekundu na Wareno waliokaa humo, nao hawana majina. Tena ngome haikubaki ya Cairati. Waomani waliiteka Desemba 1698 baada ya kuizingira tangu Machi 1696, wakaibadilisha kwa mahitaji yao. Waingereza wakaifanya gereza kuanzia 1895 hadi 1958.

Kwa msomaji wa Kigali suala hili haliko mbali. Makumbusho mojawapo ya mji huu yanabeba jina la Richard Kandt, Mjerumani anayehesabiwa kuwa mwanzilishi wa mji mwaka 1907. Kumtaja si kosa. Upungufu huanza pale mgeni anapotoka makumbusho akijua jina la mwenye nyumba bila kujua udongo, matofali na mafundi waliozisimamisha nyumba za wakati ule.

Kwa kuwa Kiswahili ni lugha rasmi nchini Rwanda tangu 2017, tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, mitaala ya historia ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ifundishe Zama za Mwamko kwa kuanzia Mombasa. Pili, maelezo katika maeneo ya urithi yataje mali ghafi na ufundi sambamba na msanifu na mtawala. Tatu, Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ishirikiane na vyuo vikuu kukusanya msamiati wa waashi wa pwani na wa bara, kwa kuwa fundi mzee anapoondoka huondoka na maneno ya kazi yake, na bila maneno hayo hatutaweza kuieleza hata nusu ya ukuta tunaojivunia.