Msikiti Chini ya Msikiti

Wanaosomea shahada za juu za sanaa na ujenzi wa Kiislamu mara nyingi huanzia Cairo, Isfahan na Granada. Pwani yetu huachiwa pambizoni. Mwaka 1966 Peter Garlake alichapisha kitabu juu ya majengo ya kale ya pwani hii, akipima kuta zilizosimama. Kuanzia 1980 Mark Horton alichimba Shanga, kisiwani Pate. Chini ya msikiti wa mawe alikuta mabaki ya misikiti mingine. Wa awali ulikuwa wa miti, akaukadiria kuwa wa karne ya 8. Kumbe ukuta haukushushwa jahazini ukiwa tayari: ibada ilitangulia, matumbawe yakafuata. Mwanafunzi wa ujenzi huu na auanze msingini, ndipo apande kwenye nakshi.