Kutoka Rusizi hadi Kibeho: Njia ya Mahujaji

Mahujaji Wakatoliki wanaotoka Bukavu huvuka daraja la mto Rusizi, huungana na wenzao wa Cyangugu, na kwa pamoja hufuata barabara inayokatiza msitu wa Nyungwe kabla ya kuchepuka kwenda Kibeho, wilayani Nyaruguru, nchini Rwanda. Tofauti na Santiago de Compostela ya Hispania, mji uliokua tangu karne ya 9 kuzunguka kaburi linaloaminiwa kuwa la mtume Yakobo, Kibeho haina masalia, yaani mabaki ya mwili wa mtakatifu, wala umri wa kujivunia: sifa yake ilianzia katika shule ya wasichana, ambako tarehe 28 Novemba 1981 mwanafunzi Alphonsine Mumureke alisema ametokewa na Bikira Maria, aliyejitambulisha kuwa Nyina wa Jambo, yaani Mama wa Neno. Ushuhuda wa wasichana watatu, yeye akiwamo, ulikubaliwa na Askofu Augustin Misago wa Gikongoro tarehe 29 Juni 2001.

Kanisa la parokia, ambamo Watutsi wengi waliuawa Aprili 1994, lina kumbukumbu yao. Mahujaji husali Rozari ya Mateso Saba, yenye mafungu saba ya punje saba saba, na umati huwa mkubwa zaidi tarehe 15 Agosti na 28 Novemba.