Utabiri wa Dhoruba ya Theluji na Barafu

Ni ile sehemu ya elimu ya hali ya hewa inayohusika na kuwaonya wakazi wa nchi za baridi, saa au siku kadhaa kabla, kwamba tufani imo njiani, na kuwabainishia itawafikia lini, itaangusha nini, na kwa kiasi gani. La lini halina taabu sana siku hizi. Bali la nini, ambalo asiyewahi kuishi katika nchi hizo angedhani ni jepesi kuliko yote, ndilo liwatoalo watabiri jasho hata leo.

Theluji ni neno tulilolipata kwa Waarabu, na barafu limetoka kwa Waajemi, ambao kwao maana yake ni hiyo hiyo theluji. Kiswahili kikayagawia kazi, moja likashika kile kiangukacho kutoka juu kikiwa laini mfano wa sufi, na la pili maji yaliyoganda yakawa magumu. Mgawanyo huo unamfaa sana mtabiri, kwani theluji husombwa kwa sepetu, ilhali barafu huvunja matawi, hukata nyaya, na humwangusha mtu kwenye ngazi ya nyumba yake mwenyewe.

Aghalabu mvua ya majira ya baridi huanza huko mawinguni ikiwa theluji, na hatima yake hutegemea tabaka za hewa itakazozipita. Ikiwa hewa yote i chini ya nyuzi 0 za sentigredi, theluji hufika theluji. Walakini, ikiwa hewa ya vuguvugu itokayo kusini imeikwea hewa baridi, ambayo kwa uzito wake hulala juu ya ardhi, theluji huyeyuka katikati ya safari. Kisha, tabaka baridi la chini likiwa nene, matone huganda upya na kuanguka yakiwa punje za barafu zirukazo juu ya mapaa, na likiwa jembamba hayapati wasaa wa kuganda, yakafika yangali maji ijapokuwa ubaridi wake umekwisha kupita kiwango cha kuganda, na papo hapo hugeuka barafu juu ya kila yanachokigusa. Hiyo ndiyo mvua igandayo, na ndiyo mbaya kuliko zote. Tena, kwa kuwa milimita 1 ya maji hutoa, kwa makadirio ya kawaida, milimita 10 za theluji, kosa la nyuzi moja tu katika tabaka moja laweza kuigeuza theluji iliyoahidiwa kufika magotini kuwa mvua ya kulowesha viatu.

Tabaka hizo hupimwa kwa maputo yarushwayo mara mbili kwa siku, kwa wakati mmoja duniani kote, yakiwa na vyombo vipelekavyo habari kwa redio. Fauka ya hayo kuna rada na setilaiti, na hesabu huachiwa kompyuta. Watabiri wa Marekani wa Machi 1888 hawakuwa na lolote katika hayo ila telegrafu, na tarehe 12 mji wa New York ukashikwa ghafla na theluji ya takriban sentimita 53. Waliokufa katika majimbo ya mashariki walizidi 400. Mwaka 1904 Mnorwe Vilhelm Bjerknes alishauri kwamba hali ya hewa ihesabiwe kwa kanuni za fizikia. Mwingereza Lewis Fry Richardson akaijaribu hesabu hiyo kwa mkono, likamtoka jibu la makosa makubwa, naye kwa uungwana ambao wataalamu wengi hawanao akalichapisha vivyo hivyo katika kitabu chake cha 1922. Kompyuta iliweza kazi hiyo kwa mara ya kwanza mwaka 1950.

Ushindi mkubwa ulikuja Machi 1993, dhoruba ya mashariki ya Marekani ilipotangazwa takriban siku tano kabla, hata magavana kadhaa wakatangaza hali ya hatari theluji haijaanza kuanguka. Lakini Januari 2000 hesabu zilisema dhoruba itapita baharini, nayo ikaufunika mji wa Raleigh, huko huko Marekani, kwa theluji ya zaidi ya sentimita 51. Ndiyo maana siku hizi hesabu hurudiwa mara nyingi, kila mara mwanzo ukibadilishwa kidogo, na kituo cha Ulaya cha utabiri wa hali ya hewa hutoa majibu 51 kwa pamoja, ili umma uambiwe uwezekano badala ya yakini. Na mtabiri asemaye hivyo astahili kuaminiwa kuliko yule asiyeonyesha shaka kamwe.

Hata hivyo, kujua aina ya mvua si kujua itadumu muda gani. Tarehe 5 Januari 1998, hewa baridi ilipokuwa imelala katika bonde la mto St. Lawrence nchini Kanada na unyevu wa kusini ukipita juu yake, mvua igandayo ilianza kunyesha Montreal na kandokando yake, ikaendelea kwa vipindi hadi tarehe 10. Mahali pengine kusini mwa mji huo ilifika milimita 100. Minara ya umeme zaidi ya 1,000 ilianguka kwa uzito wa barafu, mamilioni ya watu wakakaa gizani, na baadhi yao hawakupata umeme tena ila baada ya mwezi mzima.