Senna na Brundle: msimu wa Formula 3 Uingereza, 1983

Msikilizaji, wengi wetu tunayajua mashindano ya magari kupitia Safari Rally. Langalanga ni tofauti. Gari lina kiti kimoja, liko chini karibu na lami na magurudumu yake hayajafunikwa. Madereva huanza pamoja na kuzunguka njia ileile. Kabla ya kufika Formula 1, vijana hupitia madaraja ya chini, na mwaka 1983 moja ya madaraja hayo lilikuwa Formula 3 ya Uingereza.

Msimu huo ulikuwa na mbio 20. Mshindi alipata pointi 9, wa pili 6, wa tatu 4, na aliyeendesha mzunguko wa kasi kuliko wote aliongezewa 1. Asiyemaliza mbio kwa kawaida aliondoka mikono mitupu. Tushike hesabu hiyo, kwani ndiyo iliyoamua kila kitu.

Ayrton Senna, Mbrazili wa miaka 23, alishinda mbio 9 za kwanza mfululizo akiwa na timu ya West Surrey Racing. Wengi waliona ubingwa umekwisha. Mpinzani wake, Martin Brundle wa timu ya Eddie Jordan, alitumia gari la aina ileile, Ralt lenye injini ya Toyota, na hakukata tamaa. Mwezi Juni alimshinda Senna huko Silverstone.

Hapo mambo yakageuka. Senna hakukubali nafasi ya pili. Cadwell Park aliharibu gari kwenye mazoezi, akashindwa kuanza mbio. Snetterton alianguka akijaribu kumpita Brundle. Oulton Park waligongana, gari la Senna likapanda juu ya la mwenzake. Kila mara Senna alikosa pointi za ushindi.

Walipofika Thruxton mwezi Oktoba kwa mbio za mwisho, Brundle alikuwa mbele kwa pointi moja.

Timu ya Senna ilikuwa na mbinu. Inasimuliwa kwamba mafundi waliziba rejeta ya oili kwa utepe wa gundi ili injini ipate joto upesi. Baada ya mizunguko michache ilibidi utepe utolewe, la sivyo injini ingeungua. Senna alilegeza mikanda, akanyoosha mkono na kuubandua gari likiwa kasi. Alishinda mbio hizo, na ubingwa ukawa wake kwa pointi 132 dhidi ya 123.

Mwaka 1984 wote wawili waliingia Formula 1. Senna alikuwa bingwa wa dunia mara tatu, 1988, 1990 na 1991, kabla ya kufariki katika ajali huko Imola, Italia, Mei 1, 1994. Brundle alishinda Saa 24 za Le Mans mwaka 1990.

Kwa hiyo unaposikia dereva ameshinda mbio nyingi, uliza pia amemaliza ngapi. Senna alishinda 12 kati ya 20, na bado nusura ubingwa umponyoke.