Kasuku wa Misitu Yetu na Chakula Kinachomnasa

Huko Kindu, mkoani Maniema, kuna mtaa mzima uitwao Kasuku. Nadhani neno hilo liliingia bara pamoja na Kiswahili, kwa misafara ya Tippu Tip na waungwana wake waliofika kwenye maporomoko ya mto wetu. Ndege mwenyewe, wa kijivu na mkia mwekundu, alikuwa mwenyeji tangu zamani.

Kinachomponza ni ule ushirika wake. Kasuku hulala kwa makundi makubwa juu ya miti michache, hula matunda ya michikichi pamoja na wenzake, na hushuka pamoja kwenye mbuga za wazi penye maji na udongo wa chumvi. Mwindaji hana haja ya kumfuata. Humfunga kasuku mmoja juu ya mti ili awaite wenzake, hupaka ulimbo kwenye matawi, kisha husubiri. Mahali pa kulia pamegeuzwa mtego, na wengi hufa kabla hata ya kufikishwa mjini.

Ndugu wasomaji, tutazame jinsi milango ya biashara hiyo ilivyofungwa, maana kuna jambo la kushangaza. Mwaka 1892 watu waliugua na kufa mjini Paris kwa ugonjwa wa mapafu ulioletwa na kasuku kutoka Buenos Aires. Ugonjwa huo uliporudi, mwaka 1930, Rais Hoover alizuia kasuku kuingizwa Marekani. Oktoba 2005 Umoja wa Ulaya ulisimamisha uingizaji wa ndege wa mwituni kwa hofu ya mafua ya ndege, na mwaka 2007 zuio likawa la kudumu. Katika hatua hizo binadamu alijikinga mwenyewe kwanza; ndege alinufaika kwa bahati tu. Sheria ya Marekani ya mwaka 1992 ndiyo iliyotungwa waziwazi kwa ajili ya ndege.

Nchi yetu, ikiitwa Zaire, ilijiunga mwaka 1976 na mkataba wa Washington wa mwaka 1973 unaosimamia biashara ya viumbe wa mwituni, CITES. Kwa miaka mingi mkataba huo uliruhusu kiasi maalumu. Kwetu kiliwahi kuwa kasuku 5,000 kwa mwaka. Karatasi ilihesabu waliosafiri wakiwa hai. Waliokufa kwenye ulimbo na ndani ya vikapu hawakuhesabiwa na mtu. Katika miongo minne hivi, zaidi ya milioni 1.3 waliotolewa mwituni waliuzwa nje ya nchi zao kwa njia halali. Nchini Ghana, ambako zamani walijaa, watafiti walikuta wamepungua kwa asilimia 90 au zaidi tangu mwaka 1992.

Oktoba 2016, huko Johannesburg, Gabon na nchi nyingine ziliomba biashara hiyo ikomeshwe. Kura 95 ziliafiki, 35 zilikataa, na katazo likaanza Januari 2017. Wajumbe wetu walizungumza kulipinga. Sioni kwamba walisema upuuzi mtupu: kijana wa kijijini anayepanda mti mrefu kwa kamba hupewa fedha kidogo, na aliyepiga kura mbali hakumpa kazi nyingine. Hata hivyo, msitu ukishatulia kimya, kijana huyo hatakuwa na cha kuuza wala cha kusikiliza.

Tukiwa hapa Makiso, basi, tutofautishe mambo mawili. Anayenunua kasuku sokoni kwa huruma, amlishe na kumkata mabawa uani, amemlipa mwindaji gharama ya safari inayofuata. Anayeacha mchikichi wake usimame, na maji safi yanayobadilishwa kila asubuhi, amewalisha ndege bila kuwafunga. Chombo cha maji nacho kisuguliwe: Uingereza, tangu mwaka 2005, ndege wengi wadogo wamekufa kwa maradhi ya koo yanayoenezwa pale wanapokusanyika kula na kunywa katika bustani za watu waliowapenda. Kwetu wageni wa kwanza watakuwa mnana, wale wa manjano wenye kelele, ambao husokota viota vyao bila kumwomba mwenye uwanja ruhusa.