Mali bila daftari: kazi yako uliitunga lini?

Kijana mmoja anayetengeneza biti chumbani kwake Dandora aliniuliza: "Ustadh, mtu akidai hii ni yake, nitamjibu na nini?" Swali hilo lawahusu na vijana wetu wa Mombasa, walikotoka Ukoo Flani kabla ya kuungana na Mau Mau wa Dandora.

Kwa Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, kazi ina ulinzi tangu inapoandikwa au kurekodiwa. Kusajili si lazima. Wazo lililo kichwani tu halilindwi. Basi taabu si haki, taabu ni ushahidi wa tarehe.

Nilimpa njia tatu. Kwanza, aisajili kazi kwa Bodi ya Hakimiliki, KECOBO, apate cheti chenye tarehe. Pili, kabla hajamrushia mtu yeyote, ajitumie faili kwa barua pepe. Tarehe ya simu yake aweza kuibadilisha mwenyewe. Ya barua pepe huwekwa na mtambo usio wake. Tatu, asifute rasimu: sauti za majaribio, mistari iliyokatwa. Tarehe yaonyesha ulikuwa nayo. Rasimu zaonyesha uliitengeneza.

Bahasha ya kujitumia kwa posta asiitegemee. Yaweza kutumwa wazi, ikajazwa baadaye.

Suratul Baqara, aya ya 282, yatuamrisha kuandika deni na kuweka mashahidi. Kazi ya mikono yako nayo ni mali. Iwekee shahidi kabla haijatoka nje.