Kutoka Herufi za Pushkin hadi Wimbo wa Mashine: Mnyororo wa Markov katika Historia ya Utunzi

Historia ya utunzi wa muziki kwa kompyuta aghalabu huanzishwa mwaka 1956, katika Chuo Kikuu cha Illinois. Kwa mtaalamu wa lugha, mwanzo huo umechelewa kwa zaidi ya miaka 40. Mwaka 1913 mwanahisabati Mrusi, Andrei Markov, alichambua kwa mkono herufi 20,000 za Eugene Onegin, riwaya ya kishairi ya Pushkin, akizitenga irabu na konsonanti na kuhesabu ni mara ngapi aina moja iliifuata nyingine. Alitafuta ushahidi wa hoja ya kihisabati tu, muziki haukuwamo.

Mwaka 1948 Claude Shannon aliitumia njia hiyo kuzalisha vifungu vya Kiingereza. Kutoka herufi hadi noti hapakuwa mbali. Lejaren Hiller na Leonard Isaacson waliitunga Illiac Suite kwa ajili ya fidla mbili, viola na selo. Katika sehemu za mwanzo kompyuta ilibahatisha noti, kisha ikazitupa zilizovunja kanuni. Katika sehemu ya nne mnyororo wa Markov ndio ulioongoza. Hata hivyo, huko hakukuwa kujifunza, kwa kuwa viwango vya uwezekano viliwekwa na watunzi wenyewe.

Kujifunza hasa ni kuviokota viwango hivyo katika nyimbo zilizokwisha kutungwa. Ndivyo ulivyofanya mradi wa Flow Machines, ulioongozwa na François Pachet katika maabara ya Sony mjini Paris. Mnyororo wa kawaida hukumbuka hatua chache tu zilizopita, ilhali kina hudai kukumbukwa hadi ukingo wa mshororo; watafiti hao waliufunga mnyororo kwa masharti. Mwaka 2016 ulitoka wimbo "Daddy's Car", wa mtindo wa Beatles. Programu ilizalisha melodia na mfuatano wa kodi. Benoît Carré alichagua, akapanga ala, akaandika maneno.

Hilo la maneno hupitwa haraka mno katika masimulizi ya wimbo huo. Mbinu iliyozaliwa ndani ya shairi ilifika kwenye wimbo, na maneno yakabaki kwa binadamu! Mizani na vina vya Kiswahili mashine ingevihesabu bila taabu. Lakini katika tarabu aitwaye mtunzi aghalabu ni mwenye maneno, na kwa kipimo hicho mtunzi wa "Daddy's Car" ni Carré.